Kaburi la Alfajiri ya Pasaka

Mama tulimzika mwaka huu, siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi, kwenye makaburi yaliyo nyuma ya kanisa la kigango chetu, upande wa Kasansa. Vijana waliochimba sikuwajua, nao walinijua tu kama yule mama wa Majengo mwenye duka la vitambaa, anayekuja na basi wakati wa misiba. Walipofyeka majani, walikuta kituta kifupi kilichozungushiwa mawe, na msalaba wa mti ulioinama, kando kabisa ya mahali ambapo Mama aliagiza alazwe. Mmoja akaegemea jembe akaniuliza, "Shangazi, hapa kalala mtoto?" Kabla sijafungua mdomo, Melki alinitangulia. Melki ni mzee sasa, anatembea kwa fimbo. "Kalala kijana aliyekuzidi wewe urefu," alisema. "Sogea huko kidogo, uchimbe." Yule kijana akacheka akidhani anataniwa, kisha akatutazama nyuso zetu akaacha. Sikumweleza. Nina mdomo, wateja wangu wanalijua hilo, lakini siwezi kumweleza msiba mtu anayetaka jibu fupi ili aendelee na kazi. Hapa hakuna anayenikimbiza, kwa hiyo naeleza.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la saba. Kaka yangu Kaspari alikuwa amemaliza shule, analima mpunga na Baba, na ndiye aliyeongoza vijana wa kigango. Kwetu hakuna minazi. Vigango vingine siku ya Matawi walishika chochote cha kijani, majani ya mivumo, hata ya migomba, na sisi tuliwacheka. Sisi tulikuwa na mikindu iliyoota mtoni, na kila mwaka, Jumamosi ya kuamkia Matawi, vijana walikwenda kuikata wakarudi na mizigo kichwani wakiimba, na asubuhi kanisa zima lilinukia ubichi. Ilikuwa fahari ya kijinga. Nalisema sasa, wakati ule ningempiga mtu aliyelisema. Matawi huangukia wakati wa masika, mto umejaa, na mikindu mizuri ni ile iliyosimama majini. Majani ya mgomba yangetosha kabisa, Mungu angeyapokea, ila hatukutaka kufanana na wengine.

Kaspari alikwenda na Melki. Melki alilisimulia jambo lile sebuleni kwetu mara nyingi mno, kwa sababu Mama alimwita mara nyingi mno, hata nikawa naweza kulisema pamoja naye. Kaspari alikuwa juu ya shina lililoinamia maji, anakata na kutupa ukingoni. Melki alikuwa ukingoni anafunga mizigo, ameupa mto mgongo. Makuti yalikuwa yanaanguka karibu naye, moja, jingine, kisha yakaacha kuanguka. Alifunga mzigo aliokuwa nao, akangoja, akageuka. Panga lilikuwa limekita kwenye shina na hapakuwa na mtu. "Hakupiga kelele?" Mama alimuuliza kila mara. "Hakupiga, mama." "Maji yalichafuka?" "Maji yalikuwa machafu tangu mwanzo, mama, ni ya mvua." Wengine walisema ni mamba. Wengine walisema aliteleza na mkondo ukamchukua. Wanaume walitafuta kwa mitumbwi na fito ndefu siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata, hawakupata hata shati.

Jumapili asubuhi mizigo ya mikindu ilikuwa imelala mlangoni mwa kanisa, kwa maana Melki na wenzake waliileta wakilia, bila kujua wafanye nini kingine. Katekista alitoka na kanzu yake, akaitazama, akaingia ndani, akatoka tena. Mwisho alisema, "Yamekatwa kwa ajili ya Bwana. Chukueni." Watu wakachukua. Hosana iliimbwa chini chini, ngoma hazikupigwa. Mama alichukua matawi mawili, akayabeba yote kwenye maandamano, moja kila mkono. "Hili lake," aliniambia. "Akirudi asikute yameisha." Tulipofika nyumbani aliyachomeka nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, sebuleni, mahali ambapo kila nyumba ya Mkatoliki kwetu huyaweka mpaka yakauke. Kisha akaenda jikoni akasonga ugali wa watu wote, na wa Kaspari.

Sasa lazima niseme kuhusu wanawake wa kigango chetu na makaburi. Alfajiri ya Pasaka, kabla ya misa, walikwenda na mifagio nyuma ya kanisa. Nadhani desturi ile tuliwaiga majirani zetu wa kanisa la ng'ambo ya barabara, ambao siku hiyo huimba makaburini kabla jua halijachomoza, ingawa wamama wetu wangekana. Kila mmoja alikwenda kwenye kaburi la kwake, akafagia, akapiga magoti kidogo, kisha wakakutana langoni wakapeana habari kama wale wanawake wa Injili: amefufuka. Mwenzake akajibu, amefufuka kweli kweli. Asiyekuwa na marehemu alimsindikiza mwenye naye. Pasaka ile jirani yetu Mama Gaudensia, mjane, alikuja mlangoni na ufagio wake. Mama alikuwa ameketi mbele ya mafiga anakoroga uji. "Mama Kaspari, twende," alisema jirani. "Utanisindikiza kwa mume wangu." Mama hakuinua kichwa. "Wale wanawake walikuwa na kaburi la kwenda," alisema. "Walilikuta tupu, lakini walikuwa nalo. Mimi niende wapi, dada? Nikafagie mto?"

Mama Gaudensia aliuweka ufagio chini, akaketi kwenye kigoda, na mwaka ule mume wake hakufagiliwa. Tulikaa watatu tukasikia wengine langoni wakiitikiana. Nililichukia lile neno. Nimesikia mahubiri mengi ya Pasaka tangu wakati ule, mengine marefu mpaka miguu inakufa ganzi, na bado naona Mama alikuwa amesema kitu ambacho mapadri hukiruka. Pasaka inaanzia kaburini. Lazima kwanza mtu awe amelazwa mahali, jiwe liwekwe, watu warudi nyumbani wakijua. Sisi hatukuwa tumefika hata Ijumaa Kuu.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu na kuta zisizofika juu, kwa hiyo hakuna lililosemwa mwaka ule nisilisikie. Kila jioni Mama alimtengea Kaspari sahani yake, akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokidarizi maua pembeni, akaiweka mezani. Kila asubuhi Baba aliamka kabla ya sisi, akakifunua, akala kile kiporo na chai ya rangi, kimya, akaosha sahani mwenyewe. Sikuwahi kumwona mwanaume mwingine wa kwetu akiosha sahani. Hawakulizungumza hata siku moja, yeye na Mama, na mpaka leo sijui kama Baba alikula ili chakula kisiharibike au ili Mama akikuta sahani tupu apate kitu cha kushika. Mama hakulia. Hilo ndilo lililowatisha watu. Wanawake waliokuja kumlilia waliondoka wamelia peke yao, na baadhi yao, kwa huruma, walianza kumwita Mama Skola, kwa jina langu. Hakuwaitika. Walimwita sokoni Kibaoni, mbele za watu, akapita kama kiziwi mpaka waliporudi kwenye Mama Kaspari.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa, wazee wa ukoo walikuja kukaa na Baba. Nilikuwa kitandani upande wa pili wa ukuta. Mmoja wao alisema kwa sauti ya mtu aliyetumwa, "Ndugu yetu, tuzike mgomba. Wazee walifanya hivyo kwa waliopotea majini. Tukate shina, tulivike shuka, tulilie, tuanue matanga. Nyie mnakaa kwenye msiba usiokuwa na mwisho." Nilimsikia Baba akivuta pumzi ya kukubali. Ndipo Mama akajibu kutoka jikoni, bila kupaza sauti, "Mimi sikuzaa mgomba." Wazee walikunywa togwa wakaaga.

Kisha ukaja uvumi, na uvumi ule sitausamehe. Mchuuzi wa mchele wa Kibaoni alimwambia mtu, naye akamwambia Mama, kwamba amemwona Kaspari Mpanda mjini, Majengo, anauza viatu. Kwamba labda aliugua akili mtoni akatembea tu. Siku iliyofuata tulikuwa juu ya lori, mimi na Mama, tumekalia magunia, na ameshika kifuko chenye shati la Kaspari lililopigwa pasi. Njia nzima alizungumza. Alikuwa hajazungumza vile tangu Matawi. Alinieleza atakavyomgombeza, atakavyomfinya sikio mbele za watu, mtu mzima vile. Tulifika tukauliza, tukaelekezwa nyuma ya soko, na kweli palikuwa na kijana ameketi chini anakata katambuga kutoka kwenye tairi. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Mgongo ulikuwa wake. Naapa ulikuwa wake, mpaka ule mfupa wa shingo. Mama alisimama, akanishika mkono akaufinya mpaka nikaumia, na hakumwita. Alingoja ageuke mwenyewe. Aligeuka kuchukua kisu, akatuona, akasema kwa uchangamfu, "Karibuni, mama. Namba ngapi?"

Mama alimtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akachutama, akachagua jozi, akaipima kwa kiganja na vidole viwili, kama alivyompima Kaspari kila mara alipomnunulia viatu. "Hizi," alisema. Kijana alimuuliza za nani. "Za mwanangu." Akashukuru, tukaondoka. Usiku tulilala kwa ndugu mmoja pale Majengo, mtaa huu huu ninaouzia vitambaa leo, na kesho yake juu ya lori hakusema kitu mpaka Kibaoni. Zile katambuga aliziweka chini ya picha, chini ya yale makuti mawili ambayo yalikuwa yamekwisha kuwa ya njano. Mimi ndipo nilipoacha kumngoja. Nililia juu ya magunia, upepo ukanisaidia, na Mama akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani.

Mwaka ulizunguka hivyo, Krismasi ikapita bila pilau, mvua zikarudi. Karibu na Kwaresima katekista alianza kupita nyumba kwa nyumba, kama kila mwaka, kukusanya matawi makavu ya mwaka uliopita ili yachomwe kwa ajili ya Jumatano ya Majivu. Alikuja kwetu mwisho kabisa, nadhani kwa woga. Aliketi ukingoni mwa kiti na gunia lake miguuni. "Mama Kaspari, sikulazimishi," alisema. "Kaa nayo." Mama alikuwa anapepeta mchele. Alisema ndiyo, atakaa nayo, yale si ya kuchoma. Katekista akainuka, akachukua gunia, na makuti yakalia ndani yake ule mlio mkavu. Mama aliacha kupepeta. Alimuuliza, "Hayo yote ni ya mwaka jana?" "Yote, mama." "Ya mtoni?" Katekista akasema ndiyo, ya mtoni, hakuna mengine. Niliuona uso wa Mama ukipiga hesabu. Mwaka mzima alikuwa ameyalinda makuti yake mawili, na hakuwahi kufikiri kwamba kila nyumba, kutoka kwetu mpaka ukingo wa mashamba, ilikuwa na kitu nyuma ya picha ambacho mkono wa mwanawe ulikuwa umekishika mwisho. Aliweka ungo chini. Aliingia sebuleni akayatoa yote mawili, akayafuta vumbi kwa kanga. "Nitayaleta mwenyewe," alisema.

Yalichomwa uani mwa kanisa, kwenye sufuria iliyotoboka. Mama alisimama karibu mpaka moshi ukamkohoza. Padri, aliyekuwa mgeni katika parokia na aliyeanzia kwetu siku ile kabla ya kwenda vigango vingine, alikuja kuchukua majivu, na Mama akamshika mkono wa kanzu. "Baba, naomba kidogo. Nataka nizike." Hakuwa mtu mbaya yule padri. Alikuwa kijana, ana haraka, na hakujua habari zetu. "Mama, majivu haya ni ya paji la uso," alimwambia kwa upole. "Si ya kuzikia." Mama akamwachia mkono. Aliingia kanisani, kwa mara ya kwanza tangu Matawi, akapanga foleni na watu. Nilikuwa nyuma yake. Padri alipompaka na kumkumbusha kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi, Mama aliitikia amina kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Tulipofika nyumbani alitoa kigoda akakiweka mlangoni. Akachukua kile kitambaa cheupe cha kufunikia sahani ya Kaspari, akakitandaza mapajani. "Njoo," alimwambia Baba. Baba alipiga magoti mbele yake, mwanaume mzima, na Mama akamfuta paji la uso kwa kitambaa, taratibu, kutoka juu kwenda chini kisha kulia na kushoto, akafuata msalaba ule ule. Likabaki doa la kijivu kwenye kitambaa. Akaniita mimi. Akajifuta mwenyewe, sehemu safi pembeni. Madoa matatu, si kitu. Mama Gaudensia alikuwa ugani kwake anatazama. Alivuka ua, akainama. Alipoinuka alikwenda kuwaambia wengine, na ndivyo walivyoanza kuja. Walikuja wamama na kanga mabegani, wazee walewale waliotaka kuzika mgomba, watoto wa shule niliokaa nao dawati moja. Walipanga foleni kwenye njia ya nyumba yetu kama walivyopanga kanisani, na kila mmoja alimletea Mama alichopakwa. Melki alikuja na kurudi nyuma, akaja tena. Alipoinama alishindwa kuinuka, na Mama akakishika kile kichwa mikononi. "Uligeuka upesi ulivyoweza," alimwambia. "Najua." Hakuwahi kumuuliza tena kuhusu maji.

Padri alikuwa anaondoka kwa pikipiki ya parokia. Aliona foleni akadhani kuna kifo, na hakukosea. Katekista alimweleza njiani, nikaona amevua kofia. Alisubiri zamu yake nyuma ya watoto. Alipofika mbele ya Mama, paji lake lilikuwa na msalaba kama la mtu yeyote, akapiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. "Nisamehe, mama," alisema. Mama alimfuta. Kisha akakitazama kile kitambaa kilichokuwa kimejaa kijivu mpaka kwenye maua, akakikunja mara moja, mara mbili, akakikumbatia, na ndipo akalia. Sitaki kukieleza kilio kile kwa maneno mengi. Kilikuwa kilio cha mwaka mzima. Wanawake wakakipokea, nyumba kwa nyumba, na Baba alikaa chini akalia akiwa ameshika sahani tupu.

Tulimzika jioni ile ile, kabla jua halijazama. Padri aliahirisha kigango cha pili, akasoma ibada yote ya mazishi. Shimo lilikuwa fupi, kwa maana kitambaa na jozi ya katambuga havihitaji shimo refu. Matanga yalikaa, yakaanuliwa. Kuanzia jioni ile Mama alitenga sahani tatu. Baba aliendelea kuamka mapema kwa muda, akaketi mezani na chai peke yake, nadhani kwa mazoea.

Pasaka iliyofuata Mama alikwenda makaburini na ufagio alfajiri, kabla hata Mama Gaudensia hajabisha hodi, na hakukosa Pasaka moja mpaka miguu ilipomkatalia. Mwaka mmoja, mimi nikiwa nimekwisha kuolewa, nilimuuliza huwa anafanya nini pale muda wote ule, na kaburi lenyewe lafagilika kwa mikono miwili. Alikuwa anachambua mchele. "Naangalia kama bado yumo," alisema. Nilidhani ananitania. Nilimtazama, na hakuwa anatania. Kila mwaka alikwenda akiwa na tumaini la kulikuta tupu, na kila mwaka alirudi akapika wali na kuku kwa ajili ya wengine.

Mwaka huu nilifunga duka nikarudi kijijini Ijumaa Kuu. Pasaka niliamka gizagiza, nikachukua ufagio wake nyuma ya mlango. Udongo wa kaburi lake ulikuwa bado umeumuka, wa Kaspari umetulia kama sakafu. Nilifagia yote mawili. Niliunyoosha ule msalaba ulioinama, nikaukazia kwa mawe. Nilipiga magoti nikatega sikio kama mpumbavu, mama mwenye wajukuu, na nilitaka, nasema kweli, nilitaka kwa moyo wangu wote nikute kitu kimehama. Langoni alikuwa amesimama binti wa Mama Gaudensia na ufagio wake, ananingoja. "Amefufuka, dada," alisema. Nikajibu inavyopasa, kweli kweli. Akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wa kwako?"

"Wamo," nikamwambia. "Bado wamo wote wawili."

Kengele ikalia, tukaingia kanisani.